Losheni Isiyo na Kemikali

Kila asubuhi, kabla duka la sokoni Bariadi halijafunguliwa, Goodness alikoroga losheni ya maziwa na shubiri kwenye ndoo, akaijaza kwenye makopo na kubandika lebo: ASILIA, HAINA KEMIKALI. Jumatatu hiyo, alipolegeza mfuniko wa ndoo, ulimponyoka, ukapaa na kunasa kwenye bati. Losheni ilikuwa inatoa mapovu, ikinuka kama maziwa yaliyosahaulika.

"Sengi," alimwambia shangazi yake Klementina, mwenye duka, "chuoni tulifundishwa lazima utie kihifadhi. Ndiyo dawa ya kuzuia kuoza..."

"Chuo kimekuharibu. Watu hawataki madawa. Jaza."

Goodness akajaza.

Jumanne mwalimu Scola, aliyejipaka losheni hiyo miguuni, alipita akiwa nusu mita juu ya ardhi. Alisema viatu sasa vitadumu. Kufikia Alhamisi nusu ya soko ilikuwa ikielea. Wauza dagaa wa Lamadi walijifunga ndoo za dagaa viunoni ili wasipitilize juu. Kwaya ilifanyia mazoezi juu ya paa la kanisa, na mchungaji aliomba tu wasiwatishe kuku wake. Goodness naye alijipaka kidole kimoja, akaning'inia nacho mlangoni, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Lakini akiwa amerudi chini aliona nyayo za waliokuwa wakielea. Zilikuwa na vipele vyekundu, vingine vikitoa maji. Walijikuna huku wakicheka.

Ijumaa alikuja Minza na mwanawe wa miezi miwili, Amoni, mgongoni.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu Klementina. "Mpake na huyu. Mgongo umeniisha kwa kumbeba."

"Tuanze na uso," alisema Klementina, akachovya kidole.

Goodness akamshika mkono. "Imeoza."

"Unanong'ona nini wewe?"

"Losheni imeoza. Itamwingia machoni."

Minza akamfunika mtoto kwa kanga, akarudi nyuma. Wengine kwenye foleni hawakusogea. Scola, aliyekuwa juu karibu na bati, aliinamisha kichwa, akauliza:

"Imeoza kidogo au sana? Maana nina harusi kesho."

"Kidogo tu," alisema Klementina, akampa Scola kopo lake.

"Sana!" Goodness alisema, na safari hii walisikia mpaka stendi. "Imeoza sana, na mimi nilijua tangu Jumatatu."