Mgeni wa Mwisho Asiye Sifuri

Saa nne asubuhi karani wa nyumba ya wazee alikuwa na kikombe cha chai mkono mmoja na kipanya mkono wa pili, na jedwali lililokuwa mbele yake kwenye kompyuta lilijaa sifuri. Kila mkazi alikuwa na mstari wake, na kila siku ilikuwa na kisanduku chake. Mlinzi alihesabu wageni getini, jioni akaleta idadi, na karani akaiingiza. Mkazi aliyetembelewa na watu wawili aliandikiwa mbili, na ambaye hakutembelewa na mtu aliandikiwa sifuri. Mlinzi hakuwa mtu wa kuacha kisanduku kitupu. Alisema kisanduku kitupu ni uvivu, lakini sifuri ni kazi iliyofanyika.

Meneja, mtu mpole aliyependa kuta zipakwe rangi kila mwaka, alikuwa amepata wazo. Vyumba vya mbele, vyenye madirisha yanayotazama geti, wakae wazee wenye wageni. Wale waliomaliza mwaka mzima bila mgeni wahamie vyumba vya nyuma, ambavyo madirisha yake yanatazama ukuta wa chumba cha kufulia.

“Dirisha la geti la nini kwa mtu asiye na wa kumsubiri?” aliuliza kwenye kikao, kwa nia njema kabisa. Wazo likapita, na karani akatakiwa kuandaa orodha ya kila mkazi na mgeni wake wa mwisho.

Karani aliiomba kompyuta idadi ya mwisho ya kila mstari. Ikampa sifuri kwa wote, kwa sababu jana ilikuwa Jumanne, na Jumanne haji mtu. Kwa hesabu hiyo nyumba nzima ingehamia nyuma, hata mwalimu mstaafu ambaye binti zake huja kila Jumapili kwa kelele za harusi. Akampigia simu shemeji yake, mtunza ghala la matairi, ambaye hujigamba kwamba hakuna jedwali lililowahi kumshinda.

“Shem, wewe usiiombe ya mwisho,” alisema shemeji. “Iombe ya mwisho isiyo sifuri.”

“Naiombaje?”

“Unaizunguka. Unaiambia kila siku yenye mgeni iifanye moja, na kila siku yenye sifuri iihesabu kuwa kosa. Halafu unaituma ikatafute mbili.”

“Mbili itoke wapi, na wewe umesema zote ni moja?”

“Haipo. Ndiyo ujanja wenyewe. Itapita mstari wote mpaka mwisho ikiitafuta, itaikosa, na itakurudia na siku ya mwisho iliyokuwa na mtu.”

“Maskini,” alisema karani.

“Nani?”

“Kompyuta.”

“Shem, andika fomula, acha kuionea huruma mashine.”

Karani akaiandika, akabonyeza, akaiburuta chini mpaka mkazi wa mwisho. Namba zikajitokeza moja baada ya nyingine, kila moja na tarehe yake. Akashusha pumzi, akamalizia chai yake iliyokwisha kupoa.

Saa tisa alasiri, wakati wa kutembelea wagonjwa na wazee, wageni wa mwisho wakaingia.

Walikuja kama walivyokuwa siku ile waliyokuja. Fundi Saa alitembelewa na mdogo wake, aliyekwisha kufariki, na mjukuu wake, ambaye siku hizi ni daktari wa meno lakini aliingia akiwa hana meno ya mbele. Fundi Saa aliwakaribisha wote wawili. Alimwambia mdogo wake kwamba viatu alivyozikwa navyo vilikuwa vizuri kuliko hivi, na mdogo wake akasema hata yeye anakumbuka.

Chumba cha kwanza kutoka getini kilikuwa cha Mama Vifungo. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na hata sasa hakuna kifungo kilichodondoka katika nyumba ile asichokirudisha mahali pake, ingawa si lazima kiwe kile kile. Macho yake yaliona mbali vizuri sana. Aliweza kumtambua mtu angali ng'ambo ya barabara. Karibu ndipo palipomshinda, kwa hiyo alishona kwa kupapasa, na meneja alikuwa akitembea na shati jeupe lenye kifungo kimoja cha kijani kibichi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Ukimpelekea nguo anakuuliza umekula, umelala, mbona umekonda, na ukitoka pale unajiona una mama wa ziada.

Kwenye mstari wake fomula ilikuwa imeleta moja, kutoka msimu wa mvua wa miaka mitatu nyuma. Ndiye mwanawe. Aliingia na mwavuli unaochuruzika maji, na nje jua lilikuwa kali. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

“Foleni leo ilikuwa mbaya, mama.”

“Pole, baba. Nilikuona tangu ulipokunja kona.”

Mwanawe akamtilia uzi kwenye sindano zake zote, akazichomeka kwenye kitambaa kwa mpango, akampapasa mkono. Aliposimama kuondoka akasema, “Jumamosi nakuletea miwani.”

“Haya, baba. Nitakusubiri.”

Jioni mlinzi alileta sifuri. Karani alishuka getini kumuuliza, maana korido ilikuwa bado imelowa.

“Hawa nilishawaandika, dada yangu,” alisema mlinzi. “Niliwaandika siku ile ile walipokuja. Mgeni mmoja kwa ujio mmoja siwezi kumhesabu mara mbili. Utakuwa wizi.”

“Lakini wameingia leo, na wewe ndiye uliyewafungulia.”

“Nimewafungulia, na kofia nimewavulia. Kuhesabu ni jambo jingine.”

Kesho yake walikuja tena, na keshokutwa. Mfagiaji akaweka ndoo mlangoni kwa Mama Vifungo kwa ajili ya mwavuli. Meneja alipishana nao koridoni, akawaamkia mmoja mmoja, akamkumbusha karani kwamba orodha inahitajika Ijumaa.

Karani alimpigia simu mwana wa Mama Vifungo, yule aliye hai, aliyeishi upande wa pili wa mji. Sauti yake ilikuwa imenenepa. Alifurahi kupigiwa, akauliza mama anaendeleaje, akauliza tena, na alionekana kutaka kweli kujua.

“Miwani ninayo hapa hapa kwenye gari,” alisema. “Mwambie naja Jumamosi.”

Hakuwa mtu mbaya. Jumamosi ilipofika alikuja yule wa mwavuli.

Meneja alikuwa ameongeza siku za orodha, ila hazikuwa nyingi. Karani akakaa mbele ya kompyuta, akaangalia huku na huku kama mwizi wa sukari, na kwenye mstari wa Mama Vifungo, juu ya sifuri ya jana, akaandika moja. Fomula haikuuliza neno. Ikaiacha ile mvua ya miaka mitatu nyuma, ikachukua jana.

Saa tisa alasiri yule wa mwavuli hakuja. Alikuja mtu mwingine, amevaa koti la rangi ambayo ukigeuza uso tu unaisahau. Mlinzi alifurahi kumwona.

“Huyu mpya,” alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akamwandikia Mama Vifungo mgeni mmoja, kihalali.

Mtu yule alikaa kitini, mikono magotini. Mama Vifungo akammiminia chai.

“Wewe ni wa nani, mwanangu?”

“Sijui, mama.”

“Nani amekutuma?”

“Nimeandikwa tu.”

Mama Vifungo hakumsumbua zaidi. Aliona koti lake halina kifungo hata kimoja, akampa sindano amtilie uzi ili amshonee. Mtu yule aliishika sindano kwa heshima, akaitazama, akairudisha. Hakuna aliyewahi kumfundisha lolote. Akamaliza chai, akashukuru, akaenda.

Mama Vifungo alikwenda ofisini kwa karani, akishika ukuta.

“Mwanangu, yule mgeni ni mpole, sina neno naye. Lakini kijana wangu hakuja.”

Karani hakujua kusema uongo mara mbili kwa wiki moja. Akamweleza yote, tangu wazo la meneja mpaka fomula ya shemeji.

“Huyu wa koti anahesabiwa, mama. Akiendelea kuja, chumba chako hakikutoki. Nikimfuta atarudi mwanao, na mwanao hahesabiwi. Utahamishiwa nyuma.”

“Nyuma kuna nini?”

“Ukuta wa kufulia.”

Mama Vifungo akakaa. Dirisha lile alilipenda. Alikuwa ameamka nalo kila siku, akijua kila mtu anayekunja kona, nani kanunua viatu, nani kagombana na mumewe. Kunyang'anywa dirisha kwa macho kama yale, yasiyoona kingine ila mbali, ni kufumbwa macho mchana kweupe.

“Na huko nyuma mwanangu atafika? Hapajui.”

“Atafika. Fomula haiangalii chumba. Inaangalia mstari.”

“Dirisha lenyewe nilikuwa nalitumia kumtazamia yeye,” alisema Mama Vifungo. “Mfute yule. Ila mwambie aje na koti lake siku moja, nimeshalitafutia vifungo.”

“Kuna njia nyingine labda, mama. Nitazungumza na meneja.”

“Mfute, mwanangu. Sindano zimeisha uzi.”

Karani alimpenda sana yule mama, na mapenzi hayo siku ile hayakuwa na la kufanya. Alilia kidogo, akapenga kamasi, akafuta ile moja yake na ile ya mlinzi, akaandika sifuri mbili. Kisha alikwenda kuzungumza na meneja kama alivyosema. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba jambo lenyewe linahuzunisha, akaomba orodha.

Jumatatu wazee wakahamishwa. Meneja mwenyewe alibeba kikapu cha nyuzi cha Mama Vifungo, kifungo chake cha kijani kikimeta kifuani, akatundika kwa mkono wake pazia jipya kwenye dirisha linalotazama ukuta. Vyumba vingi vya mbele vilibaki vitupu, kwa kuwa wazee wenye wageni hawakufika hata nusu. Vikapakwa rangi.

Karani akampigia simu tena yule mwana aliye hai, kumjulisha chumba kimebadilika, asije akapotea.

“Ahsante sana kwa kuniambia,” alisema. “Mwambie naja Jumamosi.”

Saa tisa alasiri karani alikwenda nyuma na ujumbe. Mfagiaji alikuwa amekwisha kuhamisha ndoo. Yule wa mwavuli alikuwa ndani, maji yakimchuruzika, amekaa ukingoni mwa kitanda kama kawaida, akieleza habari za foleni. Mama Vifungo alikuwa amegeuza kiti chake, kikapa dirisha mgongo na kuelekea mlangoni.

“Nimempata mwanao kwenye simu, mama.”

“Kasema nini?”

“Kasema Jumamosi.”

Mama Vifungo akamtazama mwanawe kwa mapenzi, kwa umbali ule mdogo ambao macho yake hayakuweza kumwona.

“Hata huyu husema hivyo hivyo,” alisema. “Wanafanana sana.”

Akampa sindano, na mwanawe akaanza kumtilia uzi.