King'ora cha Bi Tokuoka

Kwa mara nyingine tena Bi Tokuoka alifika kazini akakuta king'ora chake kimeondolewa kwenye gemu. Hakikuharibika wala hakikupunguzwa sauti. Kilikuwa kimenyofolewa kabisa, na roho ilimwambia aliyekinyofoa ni Segawa, yule kijana anayetengeneza sauti za gemu.

Na si king'ora hivi hivi tu. Ndicho kilichomjengea jina pale Kyoto. Katika gemu ya kwanza, ile ya kituo cha wachimba madini kwenye mwezi wa mbali, dubwana lilipokaribia king'ora kililia, na mchezaji akajua la kufanya. Yeye ndiye aliyekitunga. Gemu iliuza, si haba. Sasa walikuwa wakitengeneza ya pili, na Ijumaa mwenye kampuni, Bwana Kuroiwa, angekuja kuicheza mwenyewe. Asipoogopa, mradi unafungwa, na mkuu wa mradi ni Bi Tokuoka. Sasa huyu kijana anamchimba ili iweje, kama si kumkalia kiti?

Alimuuliza kwa upole kama amegusa sauti za korido za kile kituo. Segawa akainamisha kichwa, akasema king'ora cha Bi Tokuoka ni kizuri mno, yeye ni nani hata akiguse. Wenzake wakaitikia kizuri, kizuri kweli, macho yao kwenye skrini. Bi Tokuoka hakumwamini hata mmoja. Tangu lini watu wazima wakasifu kitu bila kukuangalia usoni?

Alhamisi jioni wakatoka kwenda kunywa, kama kila Alhamisi. Yeye hakuwa na desturi ya kwenda. Pombe ilimuumiza kichwa, na aliona heri awahi treni ya kwenda kwake Otsu akajipikie. Lakini siku hiyo aliwakuta wakinong'ona kwenye lifti, wakanyamaza alipoingia. Akajisemea leo ni leo, nawafuata, nikawakute na njama yao mezani.

Akawakuta. Moshi wa kuku wa kuchoma umetanda, Segawa mashavu yamemwiva, na kicheko kikakatika ghafla walipomwona. Bi Hirose, mchoraji wa madubwana, akamsogezea nafasi, akammiminia bia bila kumuuliza. Bi Tokuoka aliinywa yote, makusudi, akaitua glasi.

"Haya, semeni. Nani anakitaka kiti changu?"

Segawa aliwatazama wenzake. Ofisini mdogo hamkosoi mkubwa. Mezani, bia ikishamiminwa, linalosemwa halimfuati mtu kazini kesho yake. Bi Tokuoka alilijua hilo tangu ujana wake, ila hakuwahi kudhani linamhusu.

"Kiti chako hakuna anayekitaka, bosi wangu," Segawa akasema. "Tatizo ni king'ora. Mama yangu alicheza ile ya kwanza huku anamenya figili. Kikilia anaweka kisu, anaua dubwana, anaendelea kumenya. Nani ataogopa kitu kinachopiga hodi?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Tumekuambia kila Alhamisi. Kiti chako ndicho kilichokuwa kitupu."

Aibu ilimshika, kisha hasira, kisha shaka ikarudi palepale. Na kama hata hayo ni njama, wanataka aende mbele ya mwenye kampuni na gemu bubu? Asubuhi aliwahi kabla ya wote, akavaa hedifoni, akaingia kwenye korido isiyo na king'ora. Kimya. Alisubiri kilie, hakikulia. Akautilia shaka mlango wa kwanza. Bomba likadondosha tone, akalitilia shaka na lenyewe. Kituo amekijenga mwenyewe, anajua kila kona, na bado hakukiamini hata kidogo. Alipogeuka nyuma, dubwana limesimama, karibu kiasi cha kumpumulia. Bi Tokuoka alipiga ukelele hadi mlinzi akapanda juu mbio.

Mlinzi alipoondoka, akakirudisha king'ora. Segawa alipofika na kukiona, uso ukamshuka.

"Tulia," Bi Tokuoka akamwambia. "Safari hii nimekifundisha uongo."

Bwana Kuroiwa alicheza huku wote wamesimama nyuma yake. King'ora kikalia. Yeye aliyeizoea gemu ya kwanza akakimbilia kabatini, akajifungia, akashusha pumzi. Mle ndani ya kabati, kitu kingine nacho kikashusha pumzi.

Mzee hakupiga kelele. Aliiweka pedi ya kuchezea mezani taratibu, akasema ni nzuri sana, amependezwa, maneno yaleyale aliyoisifia ya kwanza. Moyo wa Bi Tokuoka ukafa. Sifa za ofisini sasa alizijua thamani yake. Alimtazama akivaa koti, akiinama kuwaaga, akielekea mlangoni. Mzee akaushika mlango, akaufungua kidogo, akasimama. Nje palikuwa na korido yao ya siku zote, yenye ndoo ya mfagiaji na taa moja mbovu.

"Segawa," akasema bila kugeuka, "tangulia wewe."