Udongo wa Kivulini

Trei za kwanza za udongo ziliota nyasi nene mpaka watu wa ofisini wakaziita kapeti. Hizi za pili ziliota kitu kingine. Mpima malisho alisimama mlangoni mwa banda la vipimo, ndoo ya kumwagilia ikimning'inia mkononi, akayatazama machipukizi yaliyofanana trei baada ya trei: majani mapana, laini, ya kijani cha kuvutia. Unyasi hata mmoja haukuwepo. Alichuma jani akalifikicha, akanusa, ingawa pua haikuwa na la kumwambia. Ulikuwa mlegeza.

Mlegeza si mmea wa kuchezea. Ng'ombe aliyeshiba huupita tu, lakini mwenye njaa huufakamia, kwa kuwa mvua ikinyesha ndio hutangulia kuota. Haipiti siku, miguu humwishia nguvu, akalala, asiamke tena. Na kijijini kwa mpima malisho ulikuwa mgeni. Uliingia na majani makavu yaliyoletwa kwa malori mwaka wa ukame, na wafugaji wa kule hawakuwa wameujua bado.

Kazi ya kupima malisho haina uchawi. Unatembea kwa mstari, unarusha fremu ya mbao nyuma ya bega, na pale inapoangukia, pawe pazuri pawe pabaya, ndipo unapohesabu mimea na kuchota udongo. Ule udongo unaumwagilia ofisini ili uone umeficha mbegu gani. Sasa, siku alizopima malisho ya baba yake, jua lilikuwa la kupasua kichwa na fremu ikawa inaangukia peupe kila mara. Akachota mifuko michache, akachoka, akaanza kuisogeza fremu kivulini, chini ya vichaka vya miiba. Nani angemwona? Porini hakuna msimamizi, ndugu yangu. Kumbe mbegu zote za nyasi zilikuwa zimejihifadhi hapohapo, chini ya miiba, ambapo mdomo wa ng'ombe haufiki. Ile mifuko ya udongo wa peupe ilisahaulika kwenye kona, na aliimwagilia juzijuzi ili ripoti ikamilike tu.

Kwa kuiamini ile kapeti, alikuwa amemwambia baba yake afyeke vichaka vyote, nyasi zipate jua. Baba akafyeka, akavichoma palepale vilipoangukia, na mbegu zikaungua navyo. Tena hakufyeka peke yake. Mzee hakuwa na breki akianza kumsifu binti yake, na majirani nao wakashika mapanga. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa amesifiwa kupita kiasi.

Nje wingu zito lilikuwa limetanda. Alimpigia baba yake simu.

"Mama yangu!" baba alipokea akicheka. Alimwita hivyo tangu alipozaliwa, kwa kuwa alipewa jina la bibi yake. "Mvua huku haijatuacha wiki nzima! Ngoja nikuweke kwenye spika, wazee wenzangu wako hapa wanataka kukushukuru."

"Baba, ng'ombe wako wapi?"

"Zizini, tumewafungia malisho yakue kwanza, wana njaa mpaka wanatafuna kamba. Jioni hii tunafungua geti. Malisho yamekuwa kijani, hujapata kuona!"

"Majani membamba au mapana?"

"Mapana, mazito! Watakula mpaka wachoke wenyewe."

Sauti nyingine ikadakia, "Daktari wa nyasi, umetuokoa! Nami binti yangu lazima asomee kazi hiyohiyo!" Wakacheka wote.

 Neno la kusema lilikuwa dogo: nilikosea, hiyo ni sumu. Lakini akilini aliwaona wazee wale wameizunguka simu, na baba yake katikati yao kifua mbele, na aibu ikamziba mdomo. Akajisikia akisema kwa sauti yake ya ofisini, "Msifungue kwanza. Subirini kidogo, nakuja kuangalia."

"Una wasiwasi kama marehemu mama yako," baba akasema. "Haya, tutasubiri."

Alikata simu akijiambia kwamba amewahi. Hata yeye hakujiamini.

Kesho yake asubuhi alifika na gari la ofisi, tope mpaka madirishani. Geti lilikuwa wazi. Ng'ombe wa baba na wa majirani walikuwa wametapakaa bondeni, vichwa chini, na walikuwa wakila kimyakimya. Ukimya ule ulimtia hofu kuliko kitu chochote.

Baba alikuja kumpokea, peku, suruali imekunjwa magotini. "Karibu, mama! Tulisubiri mpaka alfajiri, ng'ombe wakatushinda kwa kulia. Nikawaambia wenzangu, mwanangu ni mtu wa tahadhari tu. Kungekuwa na jambo la maana, angetuambia."

Nyuma yake ng'ombe mmoja mkubwa alipiga magoti ya mbele, kisha ya nyuma.

"Huyo kashashiba," mzee mmoja akasema, akitabasamu. Wa pili naye akajilaza. Mzee akaacha kutabasamu.

"Watoeni!" mpima malisho alipiga kelele. "Ni sumu! Nilikosea mimi, baba, nilikosea kupima! Watoeni wote!"

Wazee walitimua mbio na fimbo zao, wakiita ng'ombe wao kwa majina. Baba hakukimbia. Alibaki amesimama mbele yake, akimtazama usoni kama anayetafuta kitu.

"Jana, kwenye simu. Ulikuwa unajua?"

Angeweza kudanganya. Hakuna ambaye angembishia.

"Nilijua, baba."

Mzee alimpa mgongo, akashuka bondeni kuwasaidia wenzake kuwaswaga ng'ombe waliokuwa bado wamesimama.