Kilichokuwa Nyuma ya Meno ya Bartholomeo

Asubuhi ya Jumatatu Lusia alipanga vyombo kwenye trei kama kawaida: kioo kidogo, pamba, koleo, mirija ya saruji ya meno, na ile safu ya meno ya mfano ambayo wateja huchagulia rangi. Kliniki ya Daktari Generosa ilikuwa ghorofani mjini Geita, juu ya duka la vipuri vya karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na kila mafundi wa chini walipowasha injini, trei ilitetemeka. Lusia aliishika kwa mkono mmoja bila kuitazama. Mteja wa kwanza alikuwa Bartholomeo.

Bartholomeo alikuwa na maduara, mashimo ya kuchimbia dhahabu, kule Rwamgasa, na mwaka huu aligombea udiwani. Alizaliwa Samuye, kijiji kimoja na Lusia, na maji ya kisima cha kwao yalikuwa yamemwachia meno ya kahawia tangu utotoni. Sasa alitaka picha ya kampeni akiwa anatabasamu.

Lusia alimjua kuliko alivyotaka kumjua. Mumewe, Mayala, baba wa mwanawe Blessing, alichimba katika duara la Bartholomeo mpaka siku ile matimba yalipokatika, yale magogo yanayozuia udongo. Waliowahi kutoka walisema Mayala na wenzake wako chini. Bartholomeo alisema chini hakuna mtu. Vijana hao, alisema, walikwishatoroka na mawe yake, na Mayala alionekana Kagongwa na mwanamke. Kisha akamwaga zege juu ya shimo, eti ng'ombe wasije wakatumbukia. Watu walimshukuru kwa niaba ya ng'ombe.

Tangu hapo mama mkwe wa Lusia, kule Samuye, alikuwa hajanyoa nywele. Nywele hunyolewa mtu akishazikwa, na aliyetoroka na mwanamke hazikwi. Lusia alikuwa akitaka jambo moja tu duniani: zege livunjwe, Mayala atolewe, akalale kwao. Badala yake alikuwa amesimama na bakuli la kutemea mate la mtu yuleyule.

"Shikamoo, mlafi," alisema Lusia. Koo zao ni watani tangu enzi za mababu, na mtani anaweza kukutukana hata msibani kwako, nawe huna ruhusa ya kununa.

"Marahaba, mla panya. Mume hajarudi tu kutoka Kagongwa?"

"Hajarudi. Labda umemfungia mlango."

Bartholomeo alicheka mpaka kiti kikalia. Hiyo ndiyo hasara ya utani, kwamba ukweli wote unaruhusiwa na hakuna anayelazimika kuujibu. Lusia alimfunga kitambaa shingoni, akakikaza kidogo kuliko ilivyohitajika.

Daktari Generosa alimwonyesha yale maganda ya kaure, membamba kama ukucha. "Mzee, rangi utakayoiona si ya kaure peke yake," alisema. "Saruji ninayobandikia inapita. Ikiwa na unjano, jino litakuwa na unjano. Ikiwa nyepesi, hata kilicho nyuma ya saruji kitapita." Akausaga ule ukahawia juu ya meno, kisha akayajaribisha maganda kwa gundi inayooshwa kwa maji, ya rangi moja baada ya nyingine. Bartholomeo aliipenda ile nyepesi inayopitisha mwanga, maana meno yalionekana kama ya kuzaliwa nayo. Basi wakabandika kwa saruji nyepesi, Lusia akashika taa ya bluu ya kukaushia, na mzee akateremka ngazi akiwa na meno meupe.

Wiki haikuisha, akarudi. Meno yalikuwa mekundu, wekundu wa tope la Rwamgasa wakati wa masika. Daktari alidhani ni chai, akasugua. Akasaga ganda moja, akatazama jino lililokuwa nyuma, akalikuta safi. Akabandika jipya. Likawa jekundu kabla hajazima taa.

"Kinapita kilicho nyuma," alisema.

"Nyuma kuna nini? Si umeona jino ni safi?" aliuliza Bartholomeo.

"Basi ni cha nyuma zaidi. Lusia, sogeza kioo."

Lusia alisogeza kioo. Ndani ya jino la mbele la kulia kulikuwa na gogo lililovunjika, na chini yake alikuwa amekaa Mayala, ameegemea mwamba kama mtu anayesubiri zamu yake mashineni. Tochi ilikuwa kwenye paji la uso, imefungwa kwa kipande cha kanga ambacho Lusia mwenyewe alikikata. Alikuwa amekufa, hilo lilionekana wazi, lakini tochi iliwaka. Wenzake walikuwa kwenye meno ya pembeni.

"Dokta, huyu ni Baba Blessing," alisema Lusia.

Generosa aliinama, akatazama. "Ndiye. Amekonda."

Lusia alitamani kumng'ata. Alitamani kulifunga lile taya kwa mikono miwili na kulivunja. Alichosema ni hiki: "Mtani, kumbe Kagongwa iko mdomoni mwako." Bartholomeo akacheka, kwa kuwa ni mtani, na waliokuwa wakisubiri kwenye benchi wote wakawaona vijana wale.

Habari haikufichika. Ofisa alitumwa na ofisi inayohusika, kijana mpole mwenye viatu safi. Alimulika meno moja baada ya jingine, akakubali kwamba watu wapo, akawapa hata pole. Kisha akaeleza kwamba mdomo si eneo la ajali, na kwamba zege haliwezi kuvunjwa bila ridhaa ya mwenye duara. Mwenye duara alikuwa palepale kwenye kiti, mdomo wazi. Akasema atalifikiria baada ya uchaguzi. Ofisa akashukuru kwa ushirikiano.

Bartholomeo akaomba saruji nyingine. Daktari alikuwa nayo, nzito, nyeupe pe, isiyopitisha kitu.

"Ichanganye, Mama Blessing," alisema Generosa.

"Ile ya kwanza juu ya mume wangu aliimwaga mwenyewe," alisema Lusia. "Hii ya pili siichanganyi mimi."

"Ni mteja kama wengine." Generosa hakumtazama usoni. Akachanganya mwenyewe, haraka, kama mtu anayeosha mikono.

Saruji nzito ilifanya kazi kiasi. Meno yakawa meupe kama ukuta wa zahanati mpya, na picha ya kampeni ikatoka vizuri, ikabandikwa mpaka kwenye milango ya vilabu vya pombe. Lakini Bartholomeo alipocheka kwa dhati, kicheko cha tumboni, weupe ulipungua nguvu na tochi zikaonekana. Watu walizoea. Kina mama walisema mzee ana moyo, anawabeba vijana wake kila aendako. Wakampa kura.

Mkutano wa shukrani ulifanyika Rwamgasa. Jukwaa lilikuwa zege lenyewe, kwa sababu lilikuwa sawasawa na halikuwa na vumbi. Lusia alimleta mama mkwe wake kutoka Samuye, nywele zake nyeupe zimefungwa kwa kitambaa, akamsimamisha mbele kabisa. Bartholomeo alihutubia kwa tabasamu dogo la picha. Hakuna kilichoonekana. Bibi alisubiri, shingo ameinyoosha.

Lusia akapanda kwenye zege. Watu wakashangilia, mtani wa diwani anajulikana.

"Mtani wangu huyu ni mchoyo," alisema. "Wenzake wakifiwa huzika. Yeye kamtafuna mume wangu, na mpaka leo hajamtema."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Bartholomeo alijishika kiuno, akatupa kichwa nyuma, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mdomo ulipofunguka, Mayala alikuwa amekaa palepale chini ya gogo, tochi inawaka, futi kadhaa chini ya miguu ya mama yake. Bibi alinyoosha mkono. Kisha diwani akafuta machozi, akafunga mdomo, akaanza kueleza kuhusu barabara.

Bibi alivuta upande wa kanga ya mkwewe.

"Mchekeshe tena," alisema.

Lusia akamgeukia Bartholomeo, akatafuta utani mwingine.