Sarma za Siku ya Arobaini

Siku ya thelathini na tatu tangu amzike mkewe, Radisav alifungua friza ya jokofu akakuta sarma zimelainika. Zilikuwa kumi na nane, nyama na mchele ndani ya majani ya kabichi iliyochachushwa. Stojanka alizikunja kwa mikono yake juma moja kabla ya kufa, na Radisav alikuwa amezitunza kwa ajili ya meza ya arobaini. Alizibonyeza kwa kidole, akafunga mlango, akamwita fundi Vidoje, jirani yake.

Vidoje aliingia, wala hakuvua koti.

"Mzee Radisav, mbona humu ndani kuna baridi kuliko uani?"

"Sijawasha jiko la kuni."

"Tangu lini?"

"Tangu mazishi."

Fundi akaanza kazi. Mpira wa mlango ulikuwa mzima. Kihisi joto cha ndani alikitumbukiza katika glasi ya maji ya barafu, akasoma mita, kilisema kweli. Kompresa nayo haikuwa na ubovu, ila haikuamriwa kufanya kazi.

"Kipo kihisi kingine juu, kwenye bawaba. Hicho hupima joto la jikoni. Jikoni kukipoa, jokofu hujiona limeshapoa na kompresa hulala; hapo kihisi hicho huiamuru izidishe kazi, la sivyo friza huyeyuka."

Wote wawili wakatazama juu. Juu ya jokofu palikuwa na picha ya Stojanka, na mbele yake taa ya mafuta iliyowaka usiku na mchana kwa ajili ya roho yake. Chini ya taa, plastiki ya bawaba ilikuwa imegeuka manjano na kubonyea.

"Mzee, jokofu lako linadhani ni kiangazi!"

"Nilimweka hapo kwa kuwa hapa ndipo alipokuwa akisimama siku nzima."

"Mimi sikulaumu. Yeye ndiye angekuita kichwa cha kabichi."

"Angeniita," alisema Radisav. Akaihamishia taa dirishani bila kuizima.

Vidoje alibadilisha kihisi, kompresa ikanguruma.

"Zitaganda tena kabla ya arobaini, Jumamosi?"

"Zitaganda, halafu utawapeleka wageni wako wote hospitalini. Nyama ikishayeyuka haigandishwi tena. Bado zina ubaridi, zipike leo."

Radisav aliwasha jiko. Sarma zilichemka taratibu hadi alasiri, na Vidoje akaitwa tena. Katika nyumba yenye msiba hakuna anayekataa sahani. Alimwaga tone la pombe sakafuni kwa ajili ya marehemu, akala.

"Vipi?"

"Tamu, mzee."

Radisav alikula nne, akisubiri kitu fulani kimjie. Hakikuja. Zilikuwa sarma tu, za moto.

"Jumamosi nitaweka nini mezani?" aliuliza.

"Pipa lake la kabichi bado lipo ghalani?"

"Lipo."

"Basi Ijumaa nitakuja, tukunje."

"Sijui kukunja."

"Hata mimi sijui," alisema Vidoje, akijiongezea mchuzi.