Mdomo Uliojaa

Maziwa yalimjia Alliance kabla boti haijatoka kwenye ghuba. Alikuwa ameinama juu ya mbabula, akipuliza makaa yashike moto, aliposikia ule mchomo wa ghafla kifuani, na papo hapo akakumbuka kwamba hiyo ndiyo saa Lévi huamka akitafuta titi kabla hata hajafumbua macho. Akajifunga kitenge cha pili juu ya blauzi, akakaza fundo, akaendelea kupuliza.

"Mademoiselle, unasikia baridi?" papa Kakule aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Kidogo tu, papa."

Mademoiselle. Kule kwake Katindo, tangu mtoto azaliwe, hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Lévi kwa muuza makaa, Mama Lévi kwa mwalimu wa masomo ya jioni, Mama Lévi hata kwa jirani yake Annonciata, aliyemjua tangu usichana. Lakini siku aliyoshuka kwenye gati la Himbi kuomba kazi ya kuwapikia wageni kwenye boti ya kukodi, papa Kakule, mwenye boti, alimtazama toka juu hadi chini.

"Uko na mutoto wa kunyonya? Mama wa kunyonya, mwili unapanda boti, akili inabaki nyumba."

"Hapana, papa. Siko na mutoto."

Maneno yalitoka mepesi, kana kwamba yalikuwa yakingoja mlangoni. Fiston, baba wa mtoto, alikuwa amepanda Masisi kutafuta kazi machimboni, simu zake zikapungua, kisha zikanyamaza kabisa. Kazi nyingine Alliance hakuipata. Asubuhi hii, ya kwanza ya kazi, alimwachia Annonciata mtoto pamoja na kikombe cha uji mwepesi, akaondoka bila kugeuka nyuma, maana angegeuka asingeondoka.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa mmoja tu: muzee Henri, aliyekodi boti nzima peke yake. Zamani alikuja kuvua na mkewe. Mkewe alikwishazikwa, ila muzee bado aliagiza viti viwili. Alikaa kwenye kimoja, na kofia yake ikakaa kwenye cha pili. Alivua kimya kimya, akitupa mshipi na kuuvuta kama mtu anayevuta pazia atazame kama mgeni amefika.

Ziwa lilitulia mpaka likaonekana zito. Nyuma yao mji ulizidi kuwa mdogo, paa za mabati zikimetameta chini ya mlima na moshi wake. Alliance alitoa simu ampigie Annonciata, aulize kama mtoto amekubali uji. Rezo, mtandao wa nyumbani, ilikuwa imekatika. Badala yake ukaingia ujumbe wa kumkaribisha nchi jirani, kumtakia safari njema na makazi mema. Aliusoma mara mbili. Tangu alfajiri hakuna aliyekuwa amemsemesha kwa upole kiasi hicho.

Kifua kilikuwa kimekuwa jiwe. Alipoona vitenge vyote viwili vinaanza kulowa, alienda nyuma ya boti, akawapa wanaume mgongo, akajikamulia kwenye kikombe cha plastiki. Kikombe kikajaa. Akakishika kwa mikono miwili, kikiwa bado na joto, asijue akipeleke wapi. Mwishowe akakimimina majini. Weupe ule ulijikunjua taratibu, ukaifuata boti kidogo, ukapotea.

"Karayi! Leta karayi!" papa Kakule alipaza sauti.

Muzee Henri alikuwa amepata. Tilapia mkubwa, wa kwanza na wa pekee siku hiyo, ndoana ikiwa imemnasa ubavuni, si mdomoni. Alliance alichota maji kwenye karayi, samaki akatumbukizwa humo. Alikuwa amefumba mdomo kwa nguvu, mashavu yakiwa yametuna. Kisha akatetemeka, mdomo ukaachama, na vitoto vikamwagika, vidogo kama mbegu za nyanya zilizoota macho.

"Ah, huyu ni mama," papa Kakule alisema, akacheka. "Anabafichaka batoto mu mdomo. Hakuli kitu mpaka bakomae. Sasa wewe muulize: mama, uko na batoto? Atakujibu nini? Mdomo umejaa!"

Muzee Henri alicheka pia, kicheko kifupi, akaitazama kofia. "Marie-Louise angependa kuona hii," alisema.

Alliance hakucheka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya karayi, kisu mkononi, na vitunguu vilikuwa vimeanza kuungua. Yule samaki alikuwa amenyamaza kwa sababu wanawe walikuwa ndani. Yeye mdomo wake ulikuwa mtupu aliposema hana mtoto.

Aliweka kisu chini. Akangoja. Vitoto vilizunguka ukingo wa karayi, kisha kimoja kikarudi kwenye mdomo ule, na kingine, na vingine nyuma yake. Vilivyobaki havikujua njia. Alliance akanyanyua karayi kifuani, akaliinamisha juu ya ukingo wa boti, akavimwaga vyote pamoja na mama yao.

"Mademoiselle! Uko na kichwa kweli? Samaki ya mukiliya, ya muzee!"

"Unisamehe, muzee," Alliance alimwambia Henri.

Muzee aliichukua kofia kutoka kwenye kiti, akaipapasa, akairudisha pale pale. "Kakule," alisema hatimaye, "tule sombe."

Walikula hayo majani ya muhogo. Kisha papa Kakule akageuza boti, wakarudi Himbi. Hapo, kabla hata hajazima injini, kilio kikawafikia kutoka gatini, kilio cha mtoto aliyekwishakauka sauti. Annonciata alikuwa amesimama juu ya mawe meusi, kikombe cha uji mkononi, bado kimejaa.

"Amekataa kabisa!" alipiga kelele. "Nimejaribu yote!"

Papa Kakule alifunga kamba polepole. "Mutoto wa nani huyu?"

Annonciata aliujua uongo ule wa "siko na mutoto." Akamtazama Alliance, akafumba mdomo, akangoja.

"Wangu," Alliance alisema.

Hakumtazama mtu. Alishuka, akampokea mtoto, akaketi juu ya jiwe na kufungua vitenge. Kilio kikakatika katikati. Pakabaki sauti ya kumeza, na maji yakigonga ubao wa boti. Muzee Henri alivaa kofia yake, akashuka, na alipompita, akaivua.

"Na anaitwa nani?" papa Kakule aliuliza kutoka juu yake.

"Lévi."

Mwenye boti alisimama na kamba mkononi, akitazama ziwa.

"Mama Lévi," alisema, polepole, kama anayepima uzito wa kitu. Alliance, kichwa chake kikiwa kimeinama juu ya mtoto, akangoja neno litakalofuata: la kazi, au la kufukuzwa.