Mpaka Twaha Afike

Kwa Rozalia pale Ilula, Krismasi haikuanza kanisani. Ilianza Twaha akifika. Ibada ingekwisha, watoto wangevua nguo zao mpya, njaa ingewauma mpaka wanune, na jogoo bado anajitembelea uani kwa raha zake, kwa sababu wa kumchinja yumo ndani ya basi anatoka Idodi. Na mabasi ya Idodi wakati wa mvua, hayo tuyaache tu.

Twaha alikuwa mtoto wa kwanza wa Rozalia, na alibatizwa Aroni. Alikwenda Idodi kulima mpunga, akapata mke Mwislamu, akasilimu. Siku alipokuja kumweleza mama yake alikuwa amejiandaa kwa matusi. Rozalia, Mlutheri aliyeimba kwaya tangu usichana wake, alilia jioni ile moja, akapenga kamasi, na kesho yake akamwita Twaha kana kwamba jina lile alilichagua yeye mwenyewe. Tangu hapo hakuna kuku aliyechinjwa katika ua ule kwa mkono mwingine.

"Akichinja Twaha tunakula wote," alisema. "Nikichinja mimi, mwanangu atashindia ugali na chumvi nyumbani kwa mama yake. Ndiyo nini sasa?"

Devota, mdogo wake Twaha, wakati huo binti mdogo mwenye njaa, aliwahi kuuliza kama Mungu wa kaka ni yule yule wa kwao.

"Hayo kamuulize mchungaji," Rozalia alimjibu. "Mimi ninachojua, jogoo hapikwi mpaka Twaha afike."

Basi mwaka huu, nyanya zikiwa zimejaa kando ya barabara mpaka zinaoza, Rozalia akafa. Aliacha dume moja la ng'ombe, Kipara, alilolifuga kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa amekwisha sema mbele ya ukoo mzima, mdogo wake wa kiume, Anania, akiwa amekaa pale pale: "Huyu ni wa msiba wangu. Achinje Twaha. Na msije mkawatengea watu vyungu viwili uani kwangu."

Kwa hiyo Twaha alifika msibani na kisu chake amekifunga kwenye kitambaa. Alikuwa amekinoa njia nzima moyoni, ukipenda. Mama alikuwa amekwenda, na kazi hii ndiyo pekee aliyomwachia. Majirani zake wawili wa Idodi walifuatana naye, wamevaa kanzu na kofia, wakasalimia kwa Kihehe, "kamwene", kila mlango, wakapokewa vizuri.

Devota alikuwa amekwisha fika kutoka Mbeya. Huko alikoolewa alikuwa amepata kanisa jipya, la maspika makubwa na maombi ya kukesha, na wenzake wa kanisani walikuja naye gari zima. Tusiwaonee: jeneza walileta wao, turubai walifunga wao, na kulia walilia kwa haki. Devota akamvuta kaka yake nyuma ya jiko. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Kaka, Kipara atachinjwa na Sifaeli."

Sifaeli alikuwa shemeji yake Devota, muuza simu wa Mwanjelwa, huko huko Mbeya. Twaha alidhani hakusikia sawasawa.

"Mama alisema mimi."

"Mama alisema kwa kukupenda. Lakini mimi siwezi kuwalisha watu, kwenye msiba wa mama yangu, nyama iliyotajiwa mungu mwingine."

"Mwingine yupi? Mimi nikisema Bismillahi, namtaja aliyemuumba huyo Kipara. Kama yuko mwingine mwenye ng'ombe wake, nionyeshe zizi lake."

"Usinifanyie mzaha."

"Leo nina mzaha gani, Devota?"

Hapo Devota akalia, si kilio cha kugombana. "Nilipomzika mwanangu, kaka, mimi nilikuwa nimekwisha. Yesu ndiye aliyeniinua pale chini. Ninyi mnasema Mungu hana mwana. Ukiniambia ni yule yule, huyu aliyeniinua mimi unamweka wapi?"

Msiba ule wa Mbeya Twaha aliuhudhuria. Jeneza lile dogo alilibeba yeye, peke yake, mikononi. Alitaka kumwambia dada yake kwamba siku ile na yeye alisimama pembeni akamwomba Mungu, amwinue Devota, amwinue tafadhali. Badala yake akabaki anakunjakunja kile kitambaa cha kisu, na Devota akadhani amekubali.

Twaha hakuwa amekubali; shauri akalipeleka kwa mjomba Anania. Mzee alijikuna kichwa, akalitazama turubai, akalitazama jeneza. Mchungaji wa usharika, ambaye nyama ya mkono wa Twaha alikuwa ameila katika nyumba hii miaka nenda rudi na kujilamba vidole, alikohoa, kisha akavikagua viatu vyake. Si mimi wa kumsema.

"Mjomba," Anania alimwambia Twaha, "wewe ndiye mkubwa. Meza tu, tumzike mama yenu kwa amani."

Twaha akameza. Akarudi mkekani, akakaa kati ya wale wenzake wawili, kisu kikiwa chini ya goti.

Sifaeli, Mungu amsaidie, maisha yake yote alikuwa amechinja kuku tu. Walimwangusha Kipara nyuma ya nyumba, wakamfunga miguu kwa kamba fundo la haraka haraka, kisu chenyewe cha jikoni. Kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Kamba ikafyatuka, Kipara akainuka na shingo iliyokatwa nusu, akapita katikati ya mahindi ya marehemu akiyavunja, damu ikiruka, wanawake wakipiga mayowe, watoto wakikimbilia ndani. Akaanguka penye kichaka cha migomba. Hakufa. Alikuwa anakoroma.

"Mama yangu!" Twaha alisema, na alikuwa amekwisha simama.

Alipofika pale, Sifaeli alikuwa ametupa kisu. Devota alisimama kando, amejifunika mdomo kwa khanga. Akamtazama kaka yake, kisha kisu chake.

"Mmalizie, kaka. Nakuomba. Anateseka." Halafu, kwa sauti ndogo: "Ila usilitaje lile jina."

Twaha alipiga magoti. Aliweka kiganja kwenye kile kipara cheupe cha paji la uso, akahisi joto lake. Jina likaja lenyewe mdomoni, maana mkono wake na ulimi wake vilikuwa havijawahi kuachana katika kazi hiyo. Akaung'ata ulimi. Alijua anachokifanya: akikata bila kulitaja, yeye na kila mwenye kofia katika ua ule hawataigusa nyama ya Rozalia. Asipokata, ng'ombe wa mama yake ataendelea kulia vile. Akakata, kimya kimya, na Kipara akatulia. Kisha akaenda bombani kunawa, akanawa muda mrefu sana, na machozi yakamtoka mbele ya watu bila kujificha.

Walimzika Rozalia alasiri. Twaha aliingia kaburini akalipokea jeneza, akalilaza, akapandishwa na Sifaeli aliyemshika mkono. Waliporudi nyumbani, wali na nyama vilipakuliwa. Wale wazee wa Idodi walisema wameshiba, asanteni sana. Lusia, jirani wa marehemu, alielewa. Akakimbia kwake akachemsha kabichi haraka haraka, akaileta kwenye chungu chake kidogo. Kwa hiyo katika ua wa Rozalia, siku ya msiba wa Rozalia, vilikaa vyungu viwili. Twaha alikula kabichi akiwa ameupa mgongo ule mlango wa mama.

Asubuhi ya kuanua matanga, Twaha alikuwa ukumbini anavaa viatu, wenzake wametangulia barabarani kungoja basi. Lusia akaja amembeba jogoo mwekundu, miguu imefungwa uzi.

"Nimesahau, jamani, kwa vurugu hizi. Huyu, mama yenu alimfunga kule kwangu asiibiwe. Mwenyewe alikuwa na homa tayari. Aliniambia, Twaha atakuja kuniona, mlishe mpaka afike."

Akamweka chini, akaondoka zake. Devota alitoka jikoni na masizi mikononi, akamwona jogoo, akasimama. Alichuchumaa taratibu, akaugusa ule uzi. Fundo lilikuwa la mama, alilijua.

"Mchinje, kaka," alisema. "Taja jina unalotaja. Mimi nitakula."

Twaha alikishika kisu. Wallahi alitaka. Alimwelekeza jogoo kibla, akamlaza, akamtazama dada yake aliyekuwa amefumba macho kama mtoto anayesubiri sindano. Ndipo akakiweka kisu chini. Akaufungua uzi, jogoo akajikung'uta akaenda zake uani.

"Mama alikuwa ananingoja, Devota. Wewe umefumba macho tu."

"Nimejaribu, kaka."

"Najua umejaribu."

Akarudi kwenye viatu vyake. Devota akajifuta uso, masizi yakampaka shavuni.

"Krismasi utakuja?"

Twaha aliinama. Jibu lilikuwa jepesi, lakini alitaka kwanza asikie neno moja, dogo tu.

"Nikija," akauliza, "nani atanisubiri?"

Akafunga kamba za kiatu cha kulia. Akafunga za kushoto, polepole, akazifungua, akazifunga tena. Devota alikuwa amesimama pale pale, anamtazama yule jogoo. Huko barabarani basi la Iringa likapiga honi, na wenzake wakamwita.

Twaha akachukua kitambaa chake, akakifunga kisu, akaenda.